Jina Kamili, Kitambulisho na Nambari ya Simu

Huruma, Eldoret
3 Machi 2025

Kwako Sifuna, papa wangu, mtoto wa kaka yangu,

Mulembe. Naomba hii karatasi ikupate ukiwa mzima, na baridi ya Ainabkoi iwe imekuachia masikio. Sisi huku tuko. Goti langu la kushoto limepona, la kulia limeanza. Dada yako Seline amejifungua salama, mtoto ni msichana, ana kichwa kikubwa kama cha marehemu baba yako, kwa hivyo atasoma. Mkeo Chepkorir umwambie ile sufuria alibeba Krismasi bado ni yangu, sijasahau.

Najua unajiuliza Senge, shangazi yako, ameingiwa na nini, anaandika barua siku hizi na simu iko. Simu iko, papa. Laini ndio haiko. Nimeitoa, nimeikata na makasi, nimeitupa kwa choo. Tulia nikuambie.

Alhamisi iliyopita tuliitwa mkutano wa maoni ya wananchi hapa ukumbi wa kanisa. Wewe ni karani, hiyo mikutano unaijua: soda moja, mkate vipande viwili, na karatasi mlangoni. Hupewi soda kabla ya kuandika jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, halafu sahihi. Nikaandika. Nani atakataa soda na jua lile?

Tukakaa. Afisa mmoja akasoma kwamba mtaro wa maji taka wa upande wetu umekamilika asilimia mia moja. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia viatu vyangu, ambavyo vilikuwa vimetoka tu kukanyaga huo mtaro uliokamilika. Nikainua mkono.

Hapo ndipo mdomo uliniponza. Bwana wa maikrofoni akasema, "Mama, kabla uongee, jina kamili." Nikasema Nanzala Roselyne. "Kitambulisho?" Nikataja. "Nambari ya simu?" Nikataja. "Unaishi ploti ya nani?" Ukumbi mzima unasikiliza, wengine wanaandika. Nikasema, "Ploti ya Mzee Mabonga, mlango wa nne, ule wa mandazi." Na Mzee Mabonga mwenyewe ameketi pale mbele karibu na MCA, mwakilishi wa wadi yetu, kwa kiti kimefunikwa kitambaa, kwa sababu yeye ni mdau. Sisi wengine ni wananchi. Mwananchi anakalia benchi.

Nikasema yangu. Nikasema mtaro unaanza barabarani vizuri kabisa, unafika nyuma ya ploti ya Mzee, unasimama, kwa sababu Mzee amejenga vyumba sita juu yake. Maji yakikosa njia yanarudi kututembelea. Bwana wa maikrofoni akasema, "Asante mama, maoni yako yamechukuliwa."

Yalichukuliwa kweli. Saa kumi simu ikaanza. Mmoja ananiambia nimeshinda gari. Mwingine ni nabii, ameniona kwa ndoto pamoja na kitambulisho changu. Mwingine ameachwa na bibi, anauliza kama napika na chapati. Haya, hao niliwacheka. Halafu akapiga mmoja wa sauti ya chini, ana adabu sana: "Mama wa mlango wa nne, mandazi yako ni matamu. Usiyaharibu na siasa." Nikamuuliza yeye ni nani. Akakata. Yeye hakuna mtu anamwambia ataje jina kamili.

Papa, nimekaa huo mlango miaka kumi na nane. Mafundi wa jua kali wote wanajua kuja hapo asubuhi. Huo mlango ndio ulikusomesha mpaka chuo cha kompyuta. Sitaki kufukuzwa kwa sababu ya soda. Wewe uko ndani ya hizo ofisi, niulizie tu: zile karatasi zetu za mlangoni huenda wapi?

Jibu umpe Kipkirui wa viazi, analeta lori sokoni kila Jumatatu.

Senge wako,
Nanzala Roselyne


Ainabkoi
17 Machi 2025

Senge mpendwa,

Mulembe sana. Barua yako ilinifikia salama na ninamshukuru Mungu kwa habari za Seline. Huku sisi sote hatujambo. Mvua imeanza, wakulima wanapanda, na Chepkorir anakusalimia. Kuhusu sufuria anasema ulimpa.

Senge, pole kwa usumbufu wa simu. Naomba usiwe na wasiwasi. Nchi hii ina sheria ya kulinda taarifa za mtu binafsi, na ofisi inaizingatia kikamilifu. Karatasi za mahudhurio hukusanywa kutoka wadi zote, huchapwa, kisha huambatanishwa na ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Huo ni utaratibu wa kawaida. Isitoshe, jina lako ni moja tu kati ya mamia. Mtu akianza kusoma mwanzo, kabla hajafika mstari wa kumi na saba atakuwa amesinzia.

Kama bado hujaridhika, unaweza kuwasilisha malalamiko rasmi. Utajaza fomu ya malalamiko ya faragha, na kuambatanisha nakala ya kitambulisho, picha ndogo mbili, na nambari ya simu inayopatikana.

Pasaka sitaweza kuja. Kazi ni nyingi mno.

Wako mtiifu,
Sifuna


Huruma, Eldoret
7 Aprili 2025

Kwako Sifuna,

Mulembe. Tuko wazima. Mtoto wa Seline anaongezeka, goti halijambo. Salamu zimeisha.

Waceke wa duka la pale langoni amenionyesha kwa simu yake. Orodha yetu yote iko kwa ukurasa wa ofisi, mtandaoni, dunia nzima isome. Juu kumeandikwa kwa herufi kubwa: WANANCHI WALIOUNGA MKONO MRADI WA MTARO. Mimi! Nimeunga mkono! Ati mtu akitia sahihi ya soda, ameunga mkono. Nikamwambia Waceke ashuke chini tuone maneno niliyosema. Akashuka, akashuka, mpaka mwisho. Hapo kuna mstari mmoja: "Wananchi walishukuru."

Sifuna, nilisema maneno mengi siku ile na mate yakaniisha. Hakuna hata moja limeandikwa. Lakini nambari yangu ya kitambulisho iko yote, haijapungua hata tarakimu moja. Simu iko. Sahihi iko.

Sasa sikiza. Juzi Mzee Mabonga amekuja mwenyewe, anatabasamu, ananiuliza habari ya magoti. Akaniachia barua ya kuhama. Vyumba vinafanyiwa ukarabati, mwisho ni tarehe 31 Mei. Nikauliza ni vyumba vipi, akasema kwa kuanzia ni cha nne. Na barua yenyewe imeanza hivi: "Kwa Nanzala Roselyne, mwenye kitambulisho nambari…" yote, kamili! Miaka kumi na nane huyu mzee ananiita Mama Mandazi. Hajawahi kuniuliza jina la pili. Leo ananijua kushinda daktari.

Wasiwasi sitaki kukuficha. Nikitoka hapa, wateja wangu ni wa hapa. Mtu wa kuchomelea vyuma hatafuti mandazi ng'ambo ya mji saa kumi na mbili asubuhi. Nitaanza upya na haya magoti yangu.

Halafu kuna kingine, na hiki ndicho kinanikosesha hamu ya kula. Kwa ile orodha nimetafuta jina langu nikihesabu na kidole. Kumi na sita ni Waceke. Kumi na nane ni Wangeci wa mboga. Katikati ni mimi.

Barua yako ni ya tarehe kumi na saba mwezi wa tatu. Waceke anasema orodha iliwekwa mtandaoni wiki moja baada ya hapo. Na mimi sikukuambia niko mstari gani kwa sababu hata mimi sikuwa najua. Wewe ulijuaje?

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sisemi kitu. Nimeuliza tu. Mambo ya sheria usiniandikie tena, hiyo sikuuliza.

Nanzala


Ainabkoi
5 Mei 2025

Senge mpendwa,

Mulembe. Samahani kwa kukawia, lori la Kipkirui lilikuwa limeharibika. Nakutumia debe la viazi. Ni vile vyekundu unavyopenda.

Ofisi imepokea malalamiko kutoka sehemu mbalimbali na imeyachukulia kwa uzito. Alhamisi tarehe 15 kutakuwa na mkutano ukumbi ule ule, kuhusu Usalama wa Taarifa za Wananchi. Senge, tafadhali usiende. Ukienda, usiongee. Mkataba wangu unaisha Juni na mambo hapa si mazuri.

Chepkorir atarudisha sufuria.

Sifuna


Huruma, Eldoret
19 Mei 2025

Kwako Sifuna,

Mulembe. Viazi nimepokea, Mungu akuzidishie. Kipkirui anashangaa kusikia lori lake lilikuwa limeharibika. Anasema amekuja kila Jumatatu, na kila Jumatatu alikuuliza kama kuna barua, ukamwambia wiki ijayo. Nimemwambia labda ulikuwa unafikiria lori lingine.

Nilienda. Ulijua nitaenda.

Mkutano wa kutulindia siri ulianzia mlangoni. Karatasi ile ile, papa! Jina kamili, kitambulisho, simu, sahihi. Nikamuuliza yule dada wa karatasi, "Si leo tumeitwa kuongea juu ya hii?" Akasema, "Ndio mama, lakini lazima tujue ni nani wamekuja kulalamika." Aki ya Mungu, nilimhurumia, alikuwa hata hacheki.

Waceke alikuwa mbele yangu kwa foleni. Akasimama na kalamu hewani, akasema, "Ngai, hii nambari yangu mpya sijaishika. Wacha niandike ile najua kwa kichwa." Akaandika. Nikachungulia. Sifuna, nusu ya hizi ploti ni za Mzee Mabonga, na nambari ambayo kila mpangaji anajua kwa kichwa kushinda ya mama yake ni ile ya simu ya Mzee, ya kulipia nyumba. Nikaandika hiyo hiyo. Wangeci nyuma yangu akaandika. Muigai fundi akaandika, na yeye hata hapangi kwa Mzee. Kufika mwisho wa foleni, watu walikuwa wanasomeana tarakimu ili wasikosee. Kwa kitambulisho kila mtu aliandika tarehe ambayo maji yaliingia kwake.

Ndani, afisa akatuambia siku ya leo mwananchi akitaka kusema kwa siri ataongea nyuma ya pazia. Wameazima pazia la kwaya. Limefika magotini, basi. Bwana wa maikrofoni, yule yule, akatangaza: "Sasa tumsikilize mwananchi ambaye hatutamtaja. Mama Mandazi, karibu nyuma ya pazia." Watu wakaangua kicheko. Nikaenda. Nimejificha juu, huku chini viatu vyangu vinaonekana na tope lake, na hayo matope kila mtu anajua yametoka wapi. Nikasema, "Mtaro haujakamilika." Nikarudi nikaketi. Makofi yaliyopigwa hapo sijawahi kupigiwa hata siku ya harusi.

Halafu ikaundwa kamati ya kulinda siri za wananchi. Wakaleta sanduku la maoni, lina kufuli, ukiwa na siri unatumbukiza. Ufunguo utawekwa na mwenyekiti. Mwenyekiti ni nani? Mzee Mabonga. Alisimama akatuambia siri zetu ziko mikononi salama.

Siku zangu hapa zimebaki kumi na mbili. Mzee hajasema kitu juu ya ile barua na mimi sijamwomba. Nimeuliza vyumba sehemu tatu. Wawili waliposikia jina walisema kimejaa, na nilikuwa naona kufuli iko wazi na ndani hakuna hata kitanda.

Nasikia hizi karatasi zote zinakuja kuchapwa kwenu Ainabkoi. Huyo anayechapa, simjui, mwambie achape vizuri. Asibadilishe nambari hata moja.

Nanzala


Ainabkoi
26 Mei 2025

Senge,

Ni mimi.

Nimeanza bila salamu, nisamehe. Nimeandika barua hii mara nne, na kila nikianza na salamu naishia kukueleza hali ya mvua.

Karatasi za wadi zote huletwa mezani kwangu nami ndiye huzichapa. Zenu zilifika siku moja kabla ya barua yako ya kwanza. Nilipofika mstari wa kumi na saba sikuhitaji hata kusoma jina. Ile nambari ya kitambulisho naijua kwa kichwa, Senge. Ndiyo uliyoandika kwa kila fomu yangu ya shule, pale pa mzazi. Nilisimama nikaitazama. Nilijua ukurasa unaenda kuwekwa mtandaoni. Nikajiambia nikiruka mstari mmoja hesabu ya watu haitalingana, mkubwa ataniuliza, na mkataba uko karibu kuisha. Nikachapa. "Wananchi walishukuru" pia ni mimi. Niliambiwa niandike hivyo, nikaandika hivyo kwa wadi zote, hata ile ambayo mkutano wake ulivunjwa na polisi.

Hiyo ndiyo sababu sikuja Pasaka. Nilikuwa naogopa kuketi kwa kile kiti chako kidogo na kupewa chai.

Wiki iliyopita zikaja za mkutano wa pili. Watu mia moja arobaini na watatu, nambari moja ya simu. Nilizisoma zote. Kazi yangu ni kuchapa kilichoandikwa, na safari hii niliifanya kwa moyo. Sikubadilisha hata tarakimu. Jumatano saa mbili asubuhi nikaiweka mtandaoni.

Saa tatu Mzee Mabonga alikuwa ameshaambiwa ameshinda magari manne. Nabii alimpigia. Halafu wakaanza watu wa wadi zingine, wanamweleza mitaro yao, maana waliona ile nambari mara nyingi wakadhani ni ya ofisi. Saa nne alikuwa kwa simu ya mkurugenzi, analia, nilimsikia mwenyewe kupitia ukuta: kwamba yeye ana haki ya faragha, kwamba nambari ya mtu ni kama nguo yake ya ndani. Saa nne na nusu orodha zote mbili zilikuwa zimeondolewa, na waraka umetoka kwamba ni marufuku kuanika nambari ya mwananchi. Yako ilikaa hapo miezi miwili, Senge. Yake ilikaa saa mbili na nusu.

Nimepewa barua ya kujieleza. Nimejieleza kwamba nilichapa kama nilivyofundishwa. Mkataba hautaongezwa.

Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani. Niandikie umepata chumba wapi, mtaa gani, ploti gani, mlango wa ngapi. Nitakuletea sufuria na viazi na nikuombe nikiwa nimepiga magoti.

Mwanao,
Sifuna


Eldoret
2 Juni 2025

Papa wangu Sifuna,

Mulembe, mulembe mno. Mtoto wa Seline amepewa jina langu, sasa tuko wawili, watu wa orodha watachanganyikiwa. Mvua huku pia ni nyingi.

Mzee Mabonga alikuja Ijumaa. Hakuwa na lile tabasamu. Amebadilisha laini, na ile mpya ameificha sana, hata wapangaji hawajui walipe nyumba kwa nani, na wamesema hawana haraka ya kujua. Akaniambia naweza kubaki mlango wa nne, hana ubaya na mimi, nitie tu sahihi kwamba mtaro umekamilika. Alikuwa amekuja na fomu. Nikaiangalia. Jina kamili, kitambulisho, nambari ya simu.

Nikamrudishia kalamu yake. Jumamosi nikahama. Wangeci alibeba jiko, Muigai alibeba kabati, Waceke alifunga duka mchana kweupe, kitu hajawahi kufanya hata akifiwa. Nilipofunga ule mlango nililia, sitakudanganya. Miaka kumi na nane si mchezo. Kwa ukuta bado kuna alama za urefu wako, mimi ndiye nilizichora na makaa.

Na hilo lingine lako lilinichoma kushinda Mabonga. Yeye ni mtu wa nje. Hiyo nambari niliiandika kwa fomu zako tangu darasa la nne, na kila mara niliiandika nikiwa na furaha, hata nikiwa sina kitu. Kwa hivyo niliumia, Sifuna. Niliumia sana. Sasa nimesema, imeisha, na wewe umesema. Kazi ya namna hiyo acha iende. Una mikono na una akili, na kukanda unga nilikufundisha.

Unaniuliza nimehamia wapi, mtaa gani, mlango wa ngapi. Hiyo sitaiandika kwa karatasi yoyote, papa, hata yako. Wateja wameshanifuata, mmoja anamnong'onezea mwingine, na hakuna aliyeandika mahali.

Panda gari uje mwenyewe, na sufuria. Ukishuka, nenda kwa duka la Waceke. Nimemwachia maagizo. Atakuuliza jina kamili, kitambulisho na nambari ya simu, mbele ya watu wote watakaokuwa wananunua maziwa, na wewe utavitaja vyote kwa sauti.

Halafu atakuleta.

Senge wako,
jina unalijua